Mguu wa Bi Rukia

Siku mliyoniaga pale gerejini mlinipa doti mbili za kanga na keki iliyoandikwa "Fundi Mbodze, pumzika", mkaniomba niwaandikie yale niliyojifunza. Keki iliisha kabla sijapata kipande changu, kwa hivyo fidia yangu ni mnisome mpaka mwisho. Habari za vyeo sitaziandika. Pale kwetu vyeo vilikuwa viwili tu: aliye chini ya gari, na aliye nje akimpokeza spana.

Nilifika Majengo nikiwa na miaka ishirini na tatu, nimetoka Rabai na cheti cha chuo cha ufundi nilichokikunja mara nne kisilowe jasho. Mwenye gereji alikuwa Fundi Bakari, Mmvita wa Kibokoni kule Mji wa Kale, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Kila asubuhi alikuja kazini na kanzu nyeupe na kofia, akavivua, akavitundika ukutani ndani ya mfuko wa nguo, akavaa ovaroli nyeusi kwa grisi. Jioni kanzu ilirudi mwilini mwake nyeupe vilevile. Nilifanya kazi naye miaka mingi na hadi leo sijui aliwezaje, maana mimi hata kitambaa changu cha kichwa kilinuka petroli siku za Jumapili kanisani.

Mteja wa kwanza kuniona nimeinamia injini alimuuliza Fundi Bakari kama nimekuja kuleta chakula.

"Naam," akajibu. "Na akimaliza kukufungia kabureta atakupakulia."

Kabureta yenyewe ndiyo iliyonipa somo langu la kwanza. Aliniwekea vipande vyake kwenye sinia, akasema, "Isafishe, kisha uirudishe kama ilivyokuwa." Niliosha kila kitundu kwa petroli, nikakipuliza, nikaunganisha, nikakaza. Nilipomaliza, skrubu mbili zilikuwa zimebaki kwenye sinia. Nikazitia mfukoni. Gari likawaka, mwenyewe akaondoka akitabasamu, na mimi nikapoteza hamu ya chakula. Kila honi niliyoisikia jioni ile niliona ni ya lile gari, limezimika katikati ya barabara ya Makupa kwa sababu yangu. Asubuhi nikaziweka zile skrubu kando ya kikombe cha kahawa cha Fundi Bakari.

"Hizi zilibaki jana," nikamwambia.

"Nazijua. Ni za gari nyingine. Nalizitia mwenyewe."

"Kwa nini, Fundi?"

"Nalitaka kujua nimemwandika nani." Akanywa kahawa, hana haraka. "Umechukua siku nzima, mwanangu. Siku nyingine uje kabla gari haijatoka langoni."

Aliniita mwanangu siku zote, isipokuwa nilipokosea. Hapo niligeuka kuwa Bi Mbodze, na nikisikia "Bi Mbodze" nilijua nianze kutafuta nilichoharibu.

Mnaniuliza sana kuhusu magari ya petroli ya zamani yanayolalamikiwa kuwa mazito. Mteja anasema gari halivuti, anakanyaga mafuta na gari linachelewa kuitika, kama mtu aliyeitwa akiwa bado na usingizi. Ugonjwa huu nimeutibu mara nyingi kuliko mwingine wowote, na karibu kila mara nimemkuta mtu ameshabadilisha plagi zote, pampu ya mafuta na hata betri, maskini betri isiyohusika. Fundi Bakari hakuruhusu boneti ifunguliwe kabla mwenye gari hajaketi kwenye usukani wake na kuuonyesha ugonjwa wenyewe. "Wewe waendesha kivyako," alikuwa akisema. "Mwache aendeshe kivyake."

Baada ya hapo ndipo alipofungua boneti, akamwambia mwenye gari akanyage aksileta mpaka chini huku injini imezimwa, naye akatazama kisahani cha bati kinachofunguka kuingiza hewa. Kisahani kikifunguka nusu tu, hakuna haja ya kutafuta mbali: waya wa aksileta umelegea, au kuna kitu chini ya pedeli. Muuza nguo mmoja wa Makupa alituletea gari lililokuwa limepita kwa mafundi watatu. Nilipiga magoti mlangoni nikakuta ametandika mikeka miwili, mmoja juu ya mwingine, ili mchanga usiharibu zulia. Pedeli ilikuwa ikigota kwenye mkeka kabla haijafika nusu ya safari. Nikautoa mkeka mmoja, gari likaruka kama mbuzi.

"Ni hilo tu?" akauliza, na nilimwona amevunjika moyo. Watu hupenda ugonjwa wao uwe na jina refu.

Kama kisahani chafunguka sawasawa, angalieni kama kimeshika masizi, kisha kichujio cha hewa, ambacho kwa vumbi letu huziba mapema kuliko kitabu kinavyosema, kisha plagi na kichujio cha mafuta. Mipira midogo ya hewa isikilizwe. Mimi nilikuwa na kipande cha mpira cha futi mbili, ncha moja sikioni, ncha ya pili naipitisha kila pembe ya injini. Hewa inayovuja hulia kama nyoka. Mlinicheka mkasema ni kifaa cha mganga. Kiko kwenye droo ya tatu, na nimeshaona mnakiazima.

Fundi Bakari alifariki, Mungu amrehemu, nami nikabaki na funguo za gereji na sifa ya mtu asiyekosea. Hiyo ya pili ndiyo iliyoniponza.

Bi Rukia alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, mkazi wa Mji wa Kale. Alikuwa na gari dogo la Kijapani, jeupe, la zamani, alilolitunza kama kabati la vyombo vya harusi. Nilikuwa fundi wake kwa miaka. Kila Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, alivuka Daraja la Nyali kwenda Kisauni kumtazama dada yake, Bi Mwanaisha, aliyepoteza uwezo wa kuona. Alimpelekea chakula, akamsomea barua na habari za ukoo, akamsuka nywele, akarudi kabla ya magharibi. Dada hakuwa na mtu mwingine wa kucheka naye. Wajukuu walikuwepo, lakini hawakuwajua watu wa kuchekwa.

Asubuhi moja gari lile liliingia gerejini likiendeshwa na Salim, mwanawe wa pekee, karani wa bandarini, mtu mpole anayepiga pasi hata mikono ya shati ya Jumamosi.

"Fundi, mama asema gari haina nguvu," akaniambia. "Juzi ilimkwamia darajani, lori likakaribia kumpanda mgongoni. Lakini mimi naiendesha na siioni na kitu. Hebu niangalizie."

Nikaketi kwenye usukani. Nikatoka Majengo, nikafika Makupa, nikageuza, nikarudi. Ilikuwa asubuhi, kumetulia, barabara tambarare, injini haijapata joto. Gari likaenda kama maji. Nikafungua boneti, nikatazama waya, kisahani, plagi. Vyote safi.

"Gari ni nzima," nikasema.

Salim akauliza, "Basi ni mama?"

Sasa someni, wenzangu, jibu nililompa, nikifuta mikono kwa tambara na macho yangu tayari yako kwenye gari lingine. Nilisema, "Umri ule, Salim, mguu huchoka."

Alinishukuru, akaondoka.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Mji wa Kale kununua kahawa, na karibu na Ngome ya Yesu nikamwona Bi Rukia amesimama juani, buibui limejaa vumbi, kikapu mkononi, anangoja tuktuk. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Hakuongeza "mwanangu", na hakunitazama.

"Leo umeliacha gari nyumbani?"

"Gari iko. Funguo ziko kwa Salim." Akageuka sasa, akaniangalia kama walimu wanavyomwangalia mtoto aliyepasua kioo cha dirisha. "Ulimwambia mwanangu mguu wangu umechoka. Nimesomesha miaka thelathini na saba nimesimama kwa miguu hii. Ungenipigia simu, ukaniuliza mwenyewe."

Nilitamani tuktuk ije, lakini kama ilivyo kawaida, ukizihitaji hazipiti. Nikamwuliza kwa aibu, "Niambie basi, ilikuwaje?"

"Sasa ndio waniuliza." Akashusha kikapu. "Nikitoka nyumbani haina neno. Nikishapita mjini na msongamano wake, imepata joto, nafika kwenye daraja. Nikikanyaga kidogo, yaenda. Nikikanyaga sana ili ipande, yajizuia. Nikizidi kukanyaga, yazidi kujizuia. Nikiinua mguu, yapata nafuu. Nimemwambia Salim, asema gari hazifanyi hivyo."

Mtu aliyechoka mguu hawezi kuyatunga maneno yale. Alikuwa amenipa ugonjwa wote, ulivyo, wakati unapoanza na unapoachia, na ungekuwa mikononi mwangu wiki mbili nyuma kama ningemtaka aje akae kwenye kiti chake. Nilisimama pale barabarani nikajisikia Bi Mbodze kabisa.

"Mwalimu," nikasema, "nilikosea. Sikukuuliza, na nilisema neno nisilolijua. Nipe ruhusa nizungumze na Salim. Nataka uendeshe wewe, mimi nikae kando yako."

Akafikiri. Tuktuk ikaja, ikasimama, akaipungia mkono ipite.

"Ijumaa ijayo," akasema. "Saa nane. Usichelewe."

Salim hakukubali upesi. Alikuja gerejini, akakaa kwenye kiti cha wateja, magoti pamoja. "Fundi, lile lori," akasema. "Dereva alishuka akanitukania mama mbele ya watu. Kama jambo litampata tena na mimi ndiye niliyerudisha funguo, nitaishi vipi?" Nilimwona ni mwana anayeogopa, si mwana anayemtawala mamake. Nikamwambia nitakuwa kando, mkono wangu karibu na breki ya mkono, na taa za tahadhari zitawashwa tukianza kupanda. Akasema, "Nami nitakaa nyuma." Nikamwambia ndivyo ninavyotaka.

Ijumaa hiyo tulitoka nyumbani kwa Bi Rukia, Kibokoni, saa nane na dakika tano. Zile dakika tano alizichelewesha Salim, na mama yake alimsema. Bi Rukia aliendesha wima, mikono miwili kwenye usukani, akiwapisha watu kwa ishara ya kidole. Alikuwa dereva bora kuliko mimi. Jua lilikuwa kali, magari yamesongamana, na mshale wa joto ukapanda mpaka mahali pake. Tulipofika kwenye mwinuko wa daraja akasema, "Haya, fundi. Tazama."

Akakanyaga. Gari likavuta pumzi moja, kisha likalegea. Akazidi kukanyaga, na kweli likazidi kulegea, injini inakoroma kama mtu aliyezibwa pua. Mwendo ukashuka ukawa wa mtu atembeaye. Nyuma yetu honi zikaanza. Nilitazama mguu wake: pedeli ilikuwa chini kabisa, imegota, haina pa kwenda. Salim naye aliinama mbele kati ya viti, akaona.

"Waona?" Bi Rukia akauliza, wala sauti haikutetemeka. "Au nawe wasema ni mguu?"

"Inua kidogo, mwalimu."

Akainua, gari likazinduka, tukavuka polepole huku dunia nzima ikitupigia honi. Ng'ambo ya pili tukapata nafasi ya kuegesha. Nikamwambia asizime injini. Hilo ndilo jambo moja ninalotaka mlishike katika barua hii ndefu: asizime. Nikafungua boneti, injini ikiwa na moto vilevile, nikasema, "Kanyaga kwa nguvu, uachie, ukanyage tena."

Kati ya kichujio cha hewa na injini kuna mpira mnene, kama mkono wa mtu, ambao hewa yote hupitia. Alipokanyaga, mpira ule ulifyonzwa ndani, pande mbili zikagusana, kama mashavu ya mtu anayemalizia dafu kwa mrija. Injini ikakosa hewa. Alipoachia, mpira ukarudi umbo lake, mviringo, mzuri, hauna kosa. Ulikuwa umelainika kwa joto. Gari likiwa baridi hauonekani, likizimwa hauonekani, likiendeshwa taratibu na fundi mwenye sifa kutoka Majengo hadi Makupa hauonekani. Unaonekana tu mtu anapohitaji nguvu.

Nilishangilia. Nilimwita Salim aje aone, nikamwonyesha mara tatu, mama yake akikanyaga kwa furaha kama fundi cherehani. Kisha nikauinamia ule mpira kuutazama vizuri, na furaha ikanikauka.

Mpira wa kiwandani huwa na mbavu, mikunjo inayouzuia usibonyee. Huu ulikuwa laini, hauna mbavu, umekatwa kwa kisu kutoka kwenye mpira mwingine wa maji. Na klipu zake mbili zilikuwa zimefungwa vichwa vikielekea chini. Katika Mombasa nzima namjua fundi mmoja tu anayefunga klipu namna hiyo. Miaka kadhaa nyuma mpira wa asili ulipasuka, wa kuununua haukupatikana siku hiyo, nikakata huu, nikamwambia Bi Rukia nitaubadilisha wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuja ikapita, nasi wote wawili tukasahau.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Nilifunga boneti, nikalizunguka gari, nikasimama dirishani kwake.

"Kwa hivyo si mguu wangu?" akaniuliza.

"Si mguu wako, mwalimu. Ni mkono wangu." Nikamweleza yote, Salim akisikiliza.

Salim ndiye aliyesema kwanza. "Fundi, mimi nilimnyang'anya mama funguo."

"Kwa neno langu," nikasema.

"Kwa neno lako." Akatembea hatua chache, akarudi, macho mekundu. Akainama dirishani, akambusu mama yake mkono. Bi Rukia alimwacha abusu, kisha akasema, "Basi, basi. Dada anangoja, na wali unapoa." Tukaenda Kisauni kwa mwendo wa pole, mguu mwepesi. Bi Mwanaisha aliposimuliwa alicheka mpaka akashika ubavu, akataka aambiwe tena kile kipande cha mashavu.

Siku ya pili nilizunguka maduka ya vipuri ya Makupa tangu wanafungua milango, nikapata mpira wa mbavu uliotolewa kwenye gari la aina ileile. Nilifunga, nikabadilisha na kichujio cha hewa, maana kikiwa kichafu huufanya ule mpira ufyonzwe zaidi. Bi Rukia alikuja kuchukua gari mwenyewe. Akalipandisha daraja, akalipita lori, akarudi kunipa majibu yangu.

"Saba kwa kumi," akasema. "Mbili nimeziondoa kwa kuropoka, moja kwa mpira."

"Ni haki, mwalimu."

"Ningeondoa nyingine kama ungenyamaza pale darajani. Lakini nisingejua, kwa hivyo ungepata nane." Akacheka, nami nikacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Aliendesha miaka mingine mitatu. Kisha siku moja, mwaka huu, mimi nikiwa nimebakiza miezi michache kustaafu, aliingia gerejini, akazima injini, akakaa. "Fundi, gari haina kitu," akasema. "Leo nipime mimi."

Niliketi kando yake tukazunguka kisiwa. Hakunihimiza. Pale Makupa mkokoteni ulikatiza mbele yetu. Aliuona, mguu ukachelewa kufika kwenye breki, tukasimama karibu mno. Tuliporudi aliuliza, "Eh?" Nilimwambia kweli: safari hii ni mguu, umechelewa kufika kwenye breki. Hakulia. Alinishika mkono akaubana, akatoa funguo kwenye kipochi, akaziweka juu ya dashibodi yeye mwenyewe, na akampigia Salim simu kumwarifu kwamba ameamua.

Mimi nikastaafu miezi mitatu baada ya hapo. Siku hizi Ijumaa saa nane huwa niko Kibokoni, kwenye usukani wa lile gari jeupe, na Bi Rukia yuko kando na kikapu mapajani, ananielekeza kila kona kama vile sijazaliwa Pwani. Tukifika mwinuko wa daraja huwa napunguza mwendo, ni mazoea tu ya miaka mingi ya kusikiliza injini. Ijumaa iliyopita alinivumilia mpaka katikati, kisha akapiga dashibodi kwa kiganja.

"Kanyaga, mwanangu, kanyaga! Mbona waenda kama bi harusi? Gari hii ina nguvu!"